Profesa Alimuandika Mama Yangu, na Jumapili Mimi Ndo Mtafsiri Wake

Admin, jina langu lifiche vizuri. Hapa Brooklyn Park, huku Marekani, akipiga chafya Mkongo mmoja, wengine wote wanasema pole.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina mke na watoto. Ni mtu wa Fizi kule Kongo, nimekulia kambini Nyarugusu kule Tanzania, shule niliishia darasa la tano. Kingereza changu nimekiokota barabarani lakini kinauza magari. Ndo kazi yangu, nanunua gari bovu mnadani, natengeneza, nawauzia ndugu waliofika juzi. Harusini mimi ndo MC. Kanisani mhubiri wa Kizungu akija, mimi ndo nasimama pembeni yake kutafsiri. Akirusha mkono narusha, akiruka naruka, akilia nalia kumzidi. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Sasa kuna huyu mzee Mzungu, anakaa Apple Valley. Anafundisha vitabu chuo kikuu na mwenyewe anatunga riwaya. Alianza kuja kanisani kuwafundisha wamama Kingereza, akampenda sana mama yangu, hasa sombe yake, kile kisamvu cha mawese. Anakula kwa mkono, jasho linamtoka, anasema "Mama, tena!" Mama anamwita Baba Profesa. Nyumbani kwetu alikuwa hapigi hata hodi, anaingia tu jikoni.

Mke wake akafariki. Siku moja akakaa jikoni kwetu akalia kama mtoto. Mama akaacha mwiko, akaniambia, "Mwambie mimi pia nilizika. Mwambie ya mdogo wako wa kike."

Bon, hiyo habari hatuongeagi. Tulipokimbia vita kwenda ziwani tuvukie Tanzania, mama alikuwa na kachanga mgongoni, ka kike. Kalikufa kwa homa njiani. Mama hakumwambia mtu, maana wangemwambia akaache. Alitembea nako kamekufa mpaka jua linazama, akachimba kwa mikono yake, akakafunga kitenge chake akakazika. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika nguo yake.

Nilitafsiri yote, na siku hiyo sikuweka utani. Profesa akamshika mama mikono, akasema, "Haya yatabaki jikoni hapa." Nikatafsiri na hiyo.

Sasa riwaya yake mpya imetoka, kitabu kizima. Mama amekiweka juu ya kabati la TV karibu na Biblia. Hajui kukisoma, lakini kila mgeni anageuziwa jalada la nyuma aone picha ya Baba Profesa. Mimi sikukifungua, kitabu kinene kile kinanipa usingizi hata kabla ya kukishika.

Aliyekifungua ni binti yangu wa miaka kumi na tano. Alikuja gereji macho mekundu, akaniuliza kwa Kingereza chake, "Baba, ni kweli Koko alimtupa mtoto wake akiwa mzima?"

Koko ndo bibi yake. Nilimwambia anisomee. Jamani. Mle ndani kuna mama anapika sombe, ana kovu kidevuni kama la mama, ana mtoto wa kiume mtundu. Anamlaza binti yake njiani, ANALIA, YUKO HAI, ili aweze kumbeba yule wa kiume. Huyo wa kiume ni mimi.

Nikamwambia, "Uongo! Mtoto alikuwa ameshakufa!"

Akaniangalia. "Yeye ni profesa, baba. Wewe kila kitu unatania."

Nikarudi chini ya gari.

Jumamosi mama ndo humsuka nywele huyo binti yangu. Sasa hivi anavuta kichwa, anasema ana homework. Mama anacheka kidogo, anasema, "Ameshakuwa Mmarekani, mikono yangu inamnukia mawese."

Nikampigia Profesa. Akaniambia kwa upole, "Rafiki yangu, hii ni riwaya. Yule si mama yako."

"Kovu umelitoa wapi?"

"Nimemfanya awe mkubwa zaidi. Watu wanasoma wanalia."

"Na mtoto ulimfufua wa nini?"

Akasema, "Hadithi ilihitaji awe na kitu cha kuchagua. Jumapili nitamshukuru mama mbele ya kanisa lote. Utanitafsiria, eti?"

Nikasema, "Kwa furaha, Profesa."

Wapendwa, tangu hapo naendesha gari nikicheka peke yangu. Nimeshapanga yote. Akisema "nawapenda," mimi nitasema, "Mimi ni mwizi." Akisema "mama huyu alinifundisha," nitasema, "Nilikula sombe yake nikaenda kumuuza." Akiweka mkono kifuani, na mimi naweka: "Nilimsingizia kuua, naomba mnitoe nje." Na yeye atakuwa anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, yes, yes! Wazee wetu wanaosikia Kiswahili tu wamshukie kama nyuki. Nataka aone aibu mpaka asahau njia ya Apple Valley.

Lakini nabanwa sehemu mbili. Watoto wetu wanasikia lugha zote mbili. Binti yangu atakaa pale, atajua baba yake ametania tena, na ya kitabu ndo yatabaki kuwa kweli kwake. Na mama hajui chochote. Nikimlipua yule mzee, nimemlipua na yeye, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wake. Nikinyamaza, watoto wa kanisa wataendelea kusoma mmoja mmoja, na iko siku atasikia kwa mtu baki.

Leo nimemkuta anapiga pasi kitenge chake cha Jumapili. Ameniambia, "Mwanangu, safari hii usiongeze maneno yako. Nataka kusikia kila kitu alichosema kuhusu mimi."

Maikrofoni ni moja, tunapokezana mimi na Profesa. Ndugu zangu, niambieni kabla ya Jumapili: zamu yangu ikifika, niseme nini?