Tovuti ya Shangazi, Mshona Mapazia

Shangazi yangu hakupenda kubembeleza mafundi. Tovuti yake ya mapazia alitengenezewa na mtaalamu mmoja wa kompyuta, na kila akitaka kubadilisha picha moja tu, bwana yule yuko safarini, anaumwa, au simu haipatikani. Basi alipopata programu ya kujitengenezea tovuti bila kujua kuandika kodi, yaani ile lugha ya kompyuta, alitamba mtaa mzima. Kila kitu kimeshapangwa: unaburuta picha, unaiachia unapotaka, unafuta maneno yao na kuandika yako.

"Bwana kodi sasa atakula wapi?" aliniuliza, akicheka.

Nilimwambia awe anaikagua tovuti na kwenye simu, maana huko programu hupanga vitu inavyojua yenyewe. Akaniambia kazi yake anaikagua mezani, na meza yake ni ile ya kukatia vitambaa, yenye kompyuta pembeni. Shangazi akishasema, amesema.

Kisha mumewe akaanza kusahau. Alisahau kufunga bomba, akasahau majina yetu, mwisho akasahau njia ya nyumbani. Asubuhi moja shangazi alikwenda kupima madirisha ya mteja. Aliporudi alikuta geti wazi na viatu vya mumewe mlangoni.

Tulizunguka vituo vya polisi na hospitali tukatoka kapa. Shangazi akakaa kwenye kompyuta. Akachagua bango la tangazo kati ya yaliyomo kwenye programu, akaburuta picha ya mumewe juu ya mapazia yote, akaandika namba yake mwenyewe ya simu. Alipomaliza, chai yake ilikuwa bado ya moto. Hapo lazima nikiri, hakuna mtaalamu ambaye angetufanyia haraka vile. Tukaisambaza tovuti kwa kila tuliyemjua, tukakaa kuikodolea macho simu yake. Haikuita. Niliwalaani walimwengu wote kwa kukosa utu.

Alikutwa mtaroni, baada ya mvua, amekufa.

Msibani alikuja muoka mikate tusiyemfahamu. Akamwinamia shangazi.

"Pole, mama. Mimi nilimwona. Nilipiga ile namba mara nyingi, ikawa haipatikani."

"Simu yangu sijaizima hata dakika moja, baba."

Muoka mikate akafungua tovuti kwenye simu yake, akatuonyesha. Picha ilikuwapo. Lakini namba aliyoiandika shangazi haikuwapo. Kwenye simu programu ilikuwa imeificha na kuweka kitufe cha kijani cha kupigia. Nilikibonyeza. Kikapiga namba ya mfano iliyokuja na bango, namba isiyo ya mtu. Na sote tulikuwa tumeisambaza bila kukibonyeza, kwa kuwa namba ya shangazi tulikuwa nayo kichwani.

Nilitaka kuivunja simu ya watu.

"Ulimwona wapi?" shangazi akauliza.

"Kwenye kibaraza cha duka langu. Nikampa mkate na chai. Nikamwambia twende nikupeleke polisi, akakataa, akasema mkewe yuko njiani anamfuata."

"Halafu?"

"Tukakungoja, mama. Giza lilipoingia nikafunga duka, yeye akabaki akikungoja."