Familia ilimtaka bibi yangu ataje mwanaume. Kumbe kirusi cha herpes kilikuwa kinajijengea ganda jipya

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, Congo, huku kwenye vumbi la malori ya shaba.

Mi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Kiswahili changu kimechanganyika cha shule na cha mtaani kwetu, mtanivumilia. Haya yamenipata mwenyewe nyumbani kwangu. Bibi yangu (kwetu bibi ni mke, msije mkadhani ni nyanya) amenipa ruhusa kuandika, ila jina lake nimebadilisha.

Mi ni maçon, fundi ujenzi. Ni Mluba wa Kasai, babu yangu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi na tukabaki.

Bibi tumwite Ngalula. Anauza maharage sokoni. Anayafuata Lubudi, analala kwa dada yake huko, anarudi na magunia. Ndiyo maisha yetu na watoto wetu wawili, na hakuna aliyewahi kuona shida.

Juzi juzi alirudi na malaria kali. Homa ilipoanza kushuka akatokwa na vipele vya maji sehemu za siri. Maumivu hadi analia akienda chooni. Mi nilikuwa chantier, kwenye ujenzi, kwa hiyo mama yangu ndiye aliyempeleka kituo cha afya.

Nurse akaangalia, akatoka, akasema mbele za watu: "Mama, hii ni herpès. Inapatikanaka mu kitanda. Jiulize mwenyewe uliitoa wapi."

Mama akasikia. Jamani.

Hapa niwaeleze kidogo wale wasiojua. Kwetu Waluba kuna kitu kinaitwa tshibawu. Mke wa mtu akitoka nje ya ndoa, lazima aseme wazi, amtaje mwanaume, halafu wazee wamfanyie desturi ya kumsafisha. Akificha, wanaamini ugonjwa unaingia nyumbani na unaweza kumuua mume au watoto. Na kabla hajasema, haruhusiwi kumpikia mume wake.

Sisi ni watu wa kanisa, Jumapili tunaimba hadi sauti zinakauka. Lakini tshibawu hata mchungaji akiisikia anashusha sauti.

Basi nikarudi jioni nikakuta moto umezimwa, Mama amekaa kwenye kiti changu. Ngalula yuko chumbani. Chakula nimeletewa na jirani.

Jumapili baada ya ibada familia ikakaa. Tata mukubwa, yaani kaka wa marehemu baba, akasema maneno machache tu. Ngalula ataje jina. Asipotaja mpaka Jumapili inayofuata, arudi kwao Likasi, watoto wabaki.

Ngalula akasema hana wa kumtaja.

Wote wakaniangalia mi. Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa mjue, Mama hamchukii Ngalula, anampenda kuliko dada zangu. Ndiyo maana akamfuata chumbani kumbembeleza: "Mutoto yangu, taja tu jina. Hata ya mutu mwenye alishakufa. Ule hakuna mwenye atamupiga. Tufanye desturi, biishe."

Mnaona akili ya mzazi? Alikuwa ameshamtafutia hadi marehemu! Dereva mmoja wa Fungurume aliyekufa kwa ajali, hata mke hakuacha.

Ngalula akajibu: "Mama, huyo maskini alikukosea nini? Mi sikulala na mutu."

Nawaambia ukweli wakuu, wiki ile kichwa changu kilikuwa na kelele kuliko mashine ya kusaga. Namtazama mke wangu naona hana kosa. Nakumbuka safari za Lubudi, naanza kuhesabu siku alizolala huko. Uchungu wa kushuku mtu unayempenda usikie kwa wenzako tu.

Katikati ya wiki nilikuwa natoa coffrage kwenye nyumba ya mteja. Coffrage ni zile mbao tunazopanga kwanza ili béton ikae mpaka ikauke, nadhani nyie mnasema shata. Mwenye nyumba ni docta, mama kijana, kazi yake hospitali. Alipita kuangalia kazi.

Nikasema liwalo na liwe. Nikamwuliza pembeni: mtu akipata herpes leo, ina maana kaipata juzi?

Akasema: "Hapana, Tata. Inaweza kuwa iliingia miaka mingi, ikalala."

Ilale wapi? Hapo ndipo akakaa juu ya rundo la matofali, akanipa darasa ambalo sikulipata shuleni. Nitaandika nilivyoelewa mi, wataalamu mtanisahihisha.

Kirusi cha herpes kina uzi ndani. Ule uzi ndio maagizo yake yote. Nje ya uzi kuna ganda gumu la protini, na nje ya ganda kuna koti laini la mafuta. Kikiingia mwilini kinavua koti, kinapita kwenye mshipa wa fahamu mpaka kwenye seli yake, kinaacha ganda mlangoni, uzi peke yake unaingia na kulala humo. Uko uchi, hauna nyumba. Mwili hauuoni na dawa haiufikii.

Siku mwili ukichoka, kwa malaria, jua kali, hata mawazo, uzi unaamka. Unaanza kuamrisha protini zitengenezwe. Na hizo protini zinajenga ganda jipya.

Nikamwuliza, nani anajenga? Akacheka. "Hakuna fundi. Vipande vinajuana vyenyewe."

Vinajipanga vitano vitano na sita sita, vinashikana. Lakini haviwezi kukaa hivi hivi hewani. Kuna protini nyingine inakaa ndani kuvishikilia ili ganda litoke duara. Akanyoosha kidole kwenye mbao zangu: "Ni sawa na hii coffrage yako."

Wakuu, mi hapo nikasahau hata shida iliyonipeleka.

Ganda likishafunga, inakuja protini nyingine yenye kazi ya kukata. Inakatakata ile coffrage, inatolewa nje. Ganda ambalo lilikuwa duara na laini linakaza, linapata kona. Halafu kwenye kona moja kuna mlango, na uzi mpya unasukumwa humo kwa nguvu mpaka unajaa. Kirusi kinavaa koti lake, kinatoka, ndipo ngozi inafanya vipele.

Dawa aliyopewa Ngalula pale kituoni inazuia uzi usinakiliwe. Maganda yanaweza kujengwa, lakini yanabaki nyumba tupu. Na kuna watafiti wanatafuta dawa ya kumzuia yule mkataji, ili coffrage ibaki ndani na uzi ukose pa kuingia. Sisi mafundi tunajua, mbao zisipotoka hakuna anayehamia.

Kwa hiyo vipele vya leo ni ganda la leo. Uzi unaweza kuwa wa zamani sana.

Docta akaniangalia usoni, akauliza: "Na weye, ukiwa na malaria, haupatake bidonda ku mudomo?"

Napata. Tangu mtoto. Kila homa, mdomo wangu unachanua vipele. Mama naye hivyo hivyo, dada zangu pia. Kwetu tunaviita vya homa na hatuvihesabu kuwa ugonjwa.

"Nayo ni herpès, ndugu ya ile," akasema. "Mara nyingi mutoto anapewa na mama akimubusu. Na toka mudomo inaweza kushuka kwa bibi." Mambo ya chumbani siandiki, wakubwa mmeelewa.

Hakuniapia. Alisema bila kipimo maalumu hawezi kujua ni aina ipi, na hata kipimo hakitaji jina. Ila kipele si ushahidi wa uzinzi.

Jumapili ikafika. Ngalula alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge.

Tata mukubwa alipomwuliza jina, nikasimama mi. Nikasema: "Kama ni lazima mutu atajwe, munitaje mi." Nikaeleza habari ya mdomo wangu, uzi, ganda, coffrage. Sijui walishika nini. Ila nilipofika kwenye vipele vya homa, Mama alifunika mdomo wake kwa mkono, akabaki hivyo.

Tata mukubwa akakohoa. "Kwa mwanaume, hii desturi haiko."

Shangazi akaangua kicheko, na kikao kikaishia hapo. Mama akaenda mwenyewe kuwasha mkaa, akamwita Ngalula: "Kuya tupike bukari," yaani ugali.

Tukala. Mi nilikuwa na furaha kama mtu aliyepona. Tulipobaki wawili nikamwambia, umeona, nimekutetea.

Ngalula akaniuliza taratibu: "Na kama mudomo yako haingekuwaka na bidonda, ungesema nini?"

Wakuu, nikakusanya sahani nikatoka nje kuziosha.

Funzo nililopata: usihukumu ndoa kwa kipele, muulize daktari kwanza. Hilo ni rahisi. Gumu ni hili, kwamba mke wangu aliniambia ukweli siku ya kwanza, bure, nami nikangoja niuelewe kutoka kwa protini.

Nguo amezirudisha kabatini. Tunaishi vizuri, lakini lile swali bado linanidai.

Mlioko kwenye ndoa, mngemjibu nini? Na madaktari wa humu, nilipokosea kuhusu ganda nirekebisheni, nasoma kila comment.