Kulala Paa Moja na Mama Mkwe

Ugomvi wetu ulikuwa wa siku moja tu. Mama mkwe alitaka tufike bandari ya Karema siku moja kabla ya meli. Mimi nilitaka tufike siku ileile ya meli. Kwa siku hiyo moja nyumba yetu ya Kawajense, hapa Mpanda, ilikosa amani wiki tatu, chai ikanywewa kwa kununiana, na watoto wakajifunza kupita kimyakimya kama wako kanisani.

Safari yenyewe ilikuwa ya jubilei. Mdogo wake mama mkwe ni sista, anaishi kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini, ambako gari halifiki. Unakwenda kwa meli, meli inasimama majini, mnashushwa kwa boti. Sista huyo alikuwa anatimiza miaka hamsini ya nadhiri. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyemlea, akamsuka, akamfundisha kupepeta mpunga, akamsindikiza mpaka kwa masista. Lakini siku ya nadhiri za kwanza hakuwepo. Alitoka kijijini kwao Majimoto kwa miguu, siku nne njiani, akafika ziwani saa moja baada ya meli kuondoka. Akarudi nyumbani bila kumwona mdogo wake akivaa shela.

Sasa mama mkwe ana miaka sabini na kitu na magoti yake yanalalamika hata akikaa. Meli yenyewe ilikuwa inapita mara moja kila wiki mbili. Akiikosa hiyo, jubilei imempita, na hakuna aliyethubutu kusema kutakuwa na nyingine. Hapo hata mimi nilielewa. Nilielewa vizuri sana, na bado nilibisha.

"Meli inaondoka Alhamisi saa nane mchana," nilimwambia mke wangu. "Tukitoka Mpanda alfajiri ya Alhamisi, saa sita tuko Karema. Tunakula samaki, migebuka wa ziwani, tunanawa, tunapanda. Siku nzima ya kukaa bure ya nini?"

"Gari likiharibika njiani?"

"Si nipo mimi? Mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi wa pikipiki."

"Injini ni injini."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kumbe simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya juu, na mama mkwe alikuwa hewani toka Majimoto.

"Mwambie mumeo," simu ikasema, "mimi nataka kufika siku moja kabla. Nikifika mapema sana nitakaa nisali. Nikichelewa nitakaa nifanye nini?"

"Mwambie mama," nikajibu, "meli za huku hazijawahi kuwahi."

"Mama, anasema meli za huku hazijawahi kuwahi."

"Nimesikia," ikasema simu. "Mwambie nimesikia."

Ndivyo tunavyoongea, mimi na yeye. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawali sahani moja, hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na zaidi ya yote hawalali chini ya paa moja. Tukienda Majimoto mimi nalala kwa shemeji, ng'ambo ya ua. Akija Mpanda, yeye analala Ilembo kwa binti yake mkubwa. Tukikutana nachuchumaa kwa mbali, "Shikamoo mama," naye anageuza uso kidogo, "Marahaba baba," basi, imeisha. Mengine yote yanapitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumesimama hatua tatu na kila mtu ana masikio yake mazima.

Wiki ya kwanza nilileta hoja ya kazi. Nilikuwa na pikipiki sita karakana, wenyewe wananipigia simu kila saa. Wiki ya pili nikaleta hoja ya mvua, mwezi ambao hata wingu halikuwepo. Wiki ya tatu nikajaribu dini, nikasema si vizuri kumkimbiza mtu mzima barabarani, Mungu anapenda utulivu. Mke wangu hakungoja nimalize.

"Baba watoto, sema ukweli. Ni hiyo pua."

"Pua gani?"

"Hiyo hapo usoni."

Basi niseme. Mimi nakoroma, na sikoromi kidogo. Tulikuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani, kijana mstaarabu. Alihama baada ya miezi miwili, akasema amepata chumba karibu na mashine ya kusaga, angalau apate utulivu. Katika ukoo wote, kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, mtu mmoja tu nilikuwa na hakika hajui siri hiyo, naye ni mama mkwe. Kwake mimi nilikuwa mkwe mpole, asiye na kelele. Heshima hiyo sikuipata bure, niliipata kwa kunyamaza miaka kumi na miwili.

Sasa fikiria Karema. Mwenyeji wetu alikuwa mjane mmoja, ndugu wa mbali wa mama mkwe, mwenye nyumba ya vyumba viwili na dari lisilokuwepo. Ukuta unaishia katikati, juu ni wazi, na paa ni moja la wote. Siku moja kabla maana yake ni usiku mmoja pale. Niliona kabisa asubuhi yake, mama mkwe akinijibu marahaba huku macho yake yamejaa huruma. Nisingeweza.

"Nenda ukalale gesti," alisema mke wangu.

Wiki tatu, na dawa ilikuwa gesti. Nilikasirika kwamba sikuiwaza mimi mwenyewe, nikakubali kwa sura ya mtu anayejitolea sana.

Tuliondoka Jumatano asubuhi kwa Noah ya kukodi. Mama mkwe, aliyefika jana yake na kulala Ilembo, alikaa mbele na kapu lake, mimi nikakaa nyuma kabisa na gunia la mchele wa Majimoto na jogoo wa jubilei, mke wangu katikati na mtoto mdogo mgongoni, akipokea ujumbe mbele na kupeleka nyuma. Tulipokaribia kushuka mlima kuelekea ziwani, gari likatoa mlio, likazima. Nilishuka nikikunja mikono ya shati. Nilisema nusu saa. Baada ya saa nne, mimi na dereva tukiwa weusi kwa grisi, likapita lori, dereva wake akashuka, akagonga kitu kimoja kwa jiwe, gari likawaka.

"Mwambie mumeo," alisema mama mkwe bila kugeuka, "injini ni injini."

Sikujua kama ananitania. Mke wangu naye hakutafsiri, alikuwa anaumwa mbavu kwa kicheko.

Tulifika Karema jua limeshakuchwa. Gunia na jogoo tulivishusha kabisa bandarini ili tusivibebe mara mbili, nikawasindikiza akina mama kwa mjane, kisha nikaenda gesti. Ilikuwa imejaa. Nikaenda ya pili, ikawa imejaa zaidi, watu wamelala mpaka kwenye korido. Kumbe mkoa mzima wa Katavi ulikuwa umeamua kufika siku moja kabla, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nabisha.

Nikarudi kwa mjane, nikasimama nje ya uzio.

"Mwambie mama, mizigo haiwezi kulala bandarini peke yake. Nitailinda mimi."

"Mwambie kuna mbu."

"Mwambie mama, mimi mbu hawanipendi."

Walinipenda. Walinipenda mmoja mmoja na kwa makundi. Nilikaa juu ya gunia la mchele na jogoo kanikodolea jicho. Nilisinzia mara moja tu, na mzee mmoja aliyekuwa analinda magunia yake ya dagaa akanitikisa kwa nguvu, akidhani nakata roho. Baada ya hapo sikufumba jicho tena, kwa aibu. Nilikaa nimejikunyata, najilaani, namlaani mjenzi aliyeshindwa kuweka dari, namlaani na sista kwa kuweka nadhiri.

Ndiyo maana niliiona. Kulipoanza kupambazuka, huko kusini, juu ya maji, kulikuwa na kitu cheupe ambacho usiku hakikuwepo. Nikamuuliza kuli aliyekuwa anapita na mswaki mdomoni.

"Si meli hiyo," akasema. "Huko ilikotoka haikuwa na mzigo. Ikifika hapa inapakia chapchap, saa moja na nusu inaondoka."

"Si imeandikwa saa nane mchana?"

"Imewahi," akasema, akatema povu.

Nimezaliwa mkoa huu na nimekulia mkoa huu, na sikuwahi kusikia neno hilo likisemwa juu ya meli. Nilikimbia. Viatu vyangu viko bandarini, jogoo anapiga kelele nyuma yangu, na kichwani hesabu moja tu: Alhamisi, saa sita. Saa sita mchana ndipo ningemfikisha mimi.

Niligonga mlango kwa ngumi mbili. Nilitegemea afungue mke wangu, au mjane. Alifungua mama mkwe mwenyewe, amevaa tayari, kanga mbili, viatu, kapu mkononi, rozari shingoni. Kitanda nyuma yake hakikuwa kimeguswa. Tukatazamana usoni, mimi miguu peku na uso umevimba kwa mbu. Nilisahau kuchuchumaa.

"Mama, meli!"

"Imefika?"

"Inaondoka sasa hivi!"

"Kimbia ukashike mizigo, sisi tunakuja!"

Tulipofika hapo wote wawili tukagundua kwamba tunaongea. Yeye akageuza uso, mimi nikatazama chini, na mke wangu akatokea anafunga kanga, akisema, "Nyie mnaongea na nani?"

Tuliipata. Sitaeleza jinsi gunia lilivyopanda, kwa sababu wanaonidai radhi ni wengi. Honi ilipopigwa mama mkwe alikuwa amesimama kando ya chuma cha pembeni, amekishika kwa mikono miwili. Hakulia. Aliitazama nchi kavu inavyorudi nyuma, kisha akasema "Haya," kama mtu aliyemaliza kufua.

Hapo ndipo mke wangu alipoinua kichwa, akatazama juu, na kuanza kucheka peke yake. Juu yetu kulikuwa na bati refu toka mbele mpaka nyuma, na chini yake abiria wote wa daraja la tatu, sisi tukiwemo. Safari ilikuwa mpaka jioni. Wiki tatu tulizogombana, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba meli nayo ina paa.

Mama mkwe alilitazama lile bati. "Mwambie mumeo," akasema, "hiki ni chombo. Paa ni la nyumba." Na kwa kuwa hakukuwa na mkubwa kuliko yeye pale, ikawa sheria. Tukaweka gunia la mchele katikati, yeye akakaa upande huu, mimi upande ule, tumepeana migongo.

Niliapa sitalala. Nilisimama, nikakaa, nikahesabu boti, nikamwaga maji usoni. Lakini ziwa lilikuwa shwari na jua limeanza kupasha bati, na mimi sikuwa nimelala. Sijui nilipitiwa na usingizi saa ngapi.

Niliamshwa na sauti ya mwanamke nisiyemjua. "Jamani, huyu baba ni wa nani? Mwamsheni, watoto wanalia huku."

Nikabaki nimefumba macho.

"Mwacheni mkwe wangu alale." Ilikuwa sauti ya mama mkwe, na haikupitia kwa mtu. "Ameliwa na mbu kwa ajili yangu."

"Lakini mama, anakoroma mno."

"Namjua. Namsikia mwaka wa kumi na mbili huu. Akija Majimoto wanamlaza ng'ambo ya ua, wanafikiri mimi sisikii. Binti yangu ameolewa mbali. Mwezi unapita, sijui amekula, sijui mtoto anaumwa. Usiku nikiusikia ule mkoromo najua wamefika wote, wako ndani, mlango umefungwa. Siku hiyo ndiyo nalala. Wakiondoka, usingizi unaondoka nao."

Nilikuwa na aibu, na safari hii pua haikuhusika. Kwa kuficha kitu ambacho yeye anakisubiri miezi na miezi, nilikuwa tayari kumnyima mdogo wake. Nilitaka kugeuka nimwombe radhi, lakini nikifumbua macho atajua nimesikia, na hapo aibu itakuwa yake. Basi nikafanya lile nililoliweza. Nikakoroma. Nikakoroma kwa makusudi, kwa bidii, navuta ndani na kuachia nje.

Baada ya muda uzito mdogo ukaegemea upande wa pili wa gunia. Mama mkwe, ambaye usiku kucha alikaa na viatu miguuni akiogopa kuachwa, alikuwa anapumua taratibu.

Mke wangu akainama sikioni kwangu. "Acha kujidai. Najua hujalala."

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Mama amelala."

Nikaendelea mpaka koo likakauka, kijiji cha sista kikiwa bado mwendo wa saa nne mbele yetu.