Bi Antena na Tangi la Mlimani

Zamani ufunguo wa koki ya tangi la mlimani aliushika Bi Antena, fundi wa simu. Ndipo shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, aliposimama mkutanoni na kusema maji yanapungua kwa sababu mwanamke huyu anayauza. Mwizi, mbele za watu! Ufunguo akakabidhiwa shemeji. Maji yakazidi kupungua, shemeji akalaumu jua, watu wakaitikia, maana mwenye nguvu mpishe. Bi Antena hakupisha. Alilimeza tu neno lile, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka jina lake lirudi, na lirudi palepale lilipochukuliwa.

Akanunua vijiredio viwili. Havisemi wala haviimbi. Kimoja hukaa tangini na kipimo cha maji, kikituma tarakimu chache tu, nazo huvuka vilima hadi kwa mwenzake kibandani kwa Bi Antena, naye huzisoma kwenye simu yake. Kwa kuwa husema kidogo, betri moja humaliza msimu.

Lakini hasira hasara. Alipokifunga chini ya mfuniko wa tangi alikiamuru kiseme kila dakika, lisimpite hata tone. Kikapayuka usiku na mchana, na siku aliyosimama mkutanoni kifua mbele amuumbue shemeji, betri ilikuwa imekufa zamani, hana cha kuonyesha.

"Imba basi, shemeji, tusikie hiyo redio yako!" shemeji alimdhihaki.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Antena alilia njia nzima, na hakulia kwa huzuni. Angepewa nafasi angemtafuna yule mtu mbichi.

Alipanda tena mlimani, akatia betri mpya, akakiagiza kiseme mara moja tu kwa saa. Shemeji alikwisha kukiona, akakiacha kioze hukohuko, akidhani bado ni maiti. Naye Bi Antena akajifunza kwa kile kijiredio kufunga mdomo. Wakikutana njiani humwamkia kwa sauti ya asali, "Umeamkaje, shemeji?" huku moyoni anamchimbia shimo.

Kiangazi kikaisha, mkutano ukaitwa. Shemeji akalaumu jua kama kawaida yake. Bi Antena akaweka simu yake mezani, mistari ya kupanda na kushuka kwa maji ya tangi, saa kwa saa, ikionekana wazi.

"Bomba zetu hufungwa saa sita usiku," alisema taratibu. "Maji yanashuka saa nane. Jua gani hili linalosubiri bomba zifungwe ndipo linywe? Na ile wiki uliyolazwa hospitali, halikunywa hata tone. Nalo lililazwa?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha upande wake, na kilimwingia vizuri mwilini. Shemeji akamsogelea, jasho likimtoka.

"Shemeji yangu, haya ni mambo ya familia. Tukayamalize nyumbani."

"Uliponiita mwizi, tulikuwa nyumbani?"

Akanyoosha kiganja. Shemeji akapapasa mfukoni, akautoa ufunguo, akamkabidhi mbele ya watu walewale.