Raya Alivyocheza Kikorea

Juzi nilimkuta binti yangu akicheza wimbo wa Kikorea, nikamkumbuka Raya, jirani yetu wa Michenzani tulipokuwa wasichana. Shangazi yake alimletea sidii ya nyimbo za Wakorea kutoka Maskati.

Alasiri dada yangu alipopakwa hina ya harusi, chumba kikinukia udi, Raya aliwachezea wanawake ngoma ya Kikorea aliyojifunza humo, wakampigia vigelegele. Mimi nilikuwa nimejifunza kucheza kidumbak, ngoma yetu ya harusini, wiki nzima ili nimchezee dada.

"Wachina tu hao," nikasema. "Ndugu zake yule daktari anayetuchoma sindano." Niliamini kweli.

"Basi mwambie akufunze na wewe," Raya akajibu. Wakacheka.

Labda sikumbuki yote sawa, ila alicheza vizuri. Hilo siwezi kumnyima. Dada aliponiita nicheze zamu yangu, nikamwambia mguu unaniuma. Haukuwa ukiniuma. Bibi harusi alikuwa yeye, na sikumchezea.