Majina Manane kwa Mwandiko Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini navua viatu mlangoni kwangu, navishika mkononi, na navuka korido kwa ncha za vidole. Chini pale jirani yangu ametandaza kitambaa cha sare za kwaya, kuanzia mlango wa jikoni mpaka mlango wa choo, na yeye kapiga magoti juu ya gazeti, mkasi mkononi. Magoti yake yameanza kuota sugu. Zamani alikuwa anakata akiwa amesimama, kwenye meza. Mimi nina mkono katika kumwondoa kwenye meza ile. Nitajaribu kuandika ilivyokuwa bila kujipendelea na bila kujikandia, maana kuna wakati mtu hujilaumu kwa sauti kubwa ili aambiwe ni mwema, na huo nao ni uongo.

Nyumba yetu iko Bellevue, ni ya zamani, imegawanywa vyumba kwa mbao. Tunakaa watu wazima wanane. Mimi kwetu Tanga, nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ni kuvika upya viti vya magari kwenye karakana moja huko Jeppestown. Jirani yangu ni mama wa Kirundi, fundi cherehani. Chumba chake kinaenea kitanda, cherehani, na yeye mwenyewe akisimama upande. Kukata nguo mle haiwezekani. Alikuwa anakatia kwenye ukumbi wa jiji, mtaa wa pili kutoka kwetu, ambako kuna meza ndefu ya mbao nzito. Siku za kazi asubuhi ukumbi ulikuwa wazi, bure, kwa mtu yeyote wa mtaa. Akiwahi kuwatangulia wazee wa drafti, meza ni yake.

Kuandika hakukuzoea, vita vilimtoa shuleni mapema. Kwa hiyo vipimo vya wateja wake nilikuwa namwandikia mimi. Yeye anapima, anataja, mimi naandika kwenye daftari lake: bega, kifua, kiuno. Herufi yangu ya a ikiwa mwisho wa neno huwa naivuta mkia. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya mkia huo na haukutoka. Jirani alikuwa akiucheka.

"Ndugu yangu, andiko lako lina mkia wa mjusi. Siku moja litakimbia kwenye daftari."

Basi Jumapili moja mchana mwenye nyumba alikuja na karatasi. Ni mzee wa Kizulu, alikuwa dereva wa basi mpaka akastaafu, na nyumba hii ndiyo matunda ya miaka yake yote ya usukani. Huniita ndodana, ndiyo mwanangu kwa lugha yao. Si mtu mbaya. Tangi la maji ya moto lilipopasuka alikuja siku hiyo hiyo, akapanda darini mwenyewe na goti lake bovu. Alikaa jikoni juu ya kreti, akanieleza kwamba baraza la jiji linabishana: ama kodi ya majengo ipande, ama matumizi yapunguzwe. Wakazi wametakiwa watoe maoni, na diwani wa kata yetu anakusanya karatasi nyumba kwa nyumba.

"Ndodana, wakipandisha, mimi nitaitoa wapi? Pensheni yangu unaijua. Nitaitoa kwenu. Sipendi, lakini nitaitoa kwenu."

Hakunitisha. Aliniambia ukweli, tena kwa aibu, akiwa anaangalia kofia yake.

Niliisoma ile karatasi. Juu ilisema tunaomba kodi isipandishwe. Chini yake ilisema pengo lizibwe kwa kupunguza bustani, saa za maktaba, na kumbi za mitaa. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, ningependa leo niseme sikuelewa. Nilielewa. Ile meza ilinijia kichwani hapo hapo, na chaki ya jirani juu, na wale wazee wa drafti wakinung'unika. Kisha nikajiambia: sisi wageni, nani atahesabu majina yetu? Karatasi itaingia kabatini. Mzee atafurahi, chumba changu hakitapanda, na ukumbi utabaki pale pale.

Kwetu mjumbe wa nyumba kumi akipita na karatasi, mwenye mwandiko mzuri huwaandikia wote wa nyumba, watu wanapita wanatia sahihi, mambo yamekwisha. Nikafanya vivyo hivyo. Niliandika majina, wenzangu wakatoka mmoja mmoja na kandambili zao wakatia sahihi. Kinyozi wa Kikongo wa chumba cha mbele alitia sahihi huku anaongea na simu.

"Na yule mama?" mzee akauliza.

"Yuko kanisani."

"Atakubali?"

Alinipa nafasi. Nataka hilo lijulikane. Aliuliza, akasubiri.

"Atakubali," nikasema.

Jina lake nilikuwa nimeshaliandika, la tano. Kwenye nafasi ya sahihi nikachora mchoro kama utepe, haraka, mkono ukiwa mwepesi kama wa mwizi aliyezoea, nami sikuwa nimezoea. Jioni alirudi kutoka kanisani, akanipa ndizi mbili. Sikumwambia. Wala kesho yake. Ukimya wa siku moja ulikuwa mwepesi kuvunja, wa wiki ukawa mzito.

Siku ya mjadala karakana ilikosa umeme, nikawa nyumbani. Kinyozi alisimamisha simu yake kwenye kopo la sukari, tukaangalia kikao cha baraza. Jirani alikuwa anapiga pasi kola, kazi ambayo haihitaji meza kubwa. Kikao kilikuwa kelele tupu. Diwani mmoja mwanamke alisema bila kodi hakuna taa barabarani wala mashimo kuzibwa. Mwingine akasema wastaafu wanauza nyumba zao kwa sababu ya kodi hiyo hiyo. Kwangu mimi wote wawili walikuwa na haki, na hiyo ndiyo shida yangu siku zote. Mwenyekiti alikuwa anagonga meza kama mtu aliyefungiwa nje.

"Angalia suti ya huyo," kinyozi akasema. "Wapunguze suti kwanza."

"Bega la kushoto limekaa vibaya," jirani akasema bila kuinua macho sana. "Aliyemshonea anamdai."

Tukacheka. Ndipo akasimama diwani wetu, ameshika karatasi juu. Akasema watu wake wamesema wenyewe, wako tayari kupoteza saa za ukumbi kuliko kodi kupanda. Akasema kuna nyumba moja peke yake ina wapangaji wanane, wote kwa pamoja.

Pasi ilisimama.

"Wanane kama sisi," jirani akasema. "Bon, hao lazima wana meza chumbani. Niwaone tu. Nitawashonea shati la kwaya, mkono mmoja utokee mgongoni."

Kinyozi aliacha kucheka kabla yake. Akanigeukia.

"Kaka wa Tanga, ile karatasi ya mzee ilikuwa ya kodi, siyo?"

"Ya kodi," nikajibu.

"Karatasi gani?" jirani akauliza.

"Mambo ya mzee," nikasema. "Kodi zake."

Akaendelea kupiga pasi. Sikusema uongo hata neno moja, na sijawahi kudanganya vibaya kuliko siku ile.

Kura haikupigwa, kikao kiliahirishwa kwa wiki moja. Jirani alipolisikia hilo aliweka pasi chini. "Basi bado kuna njia. Ndugu yangu, wewe unaandika vizuri. Niandikie barua, kesho twende kwa diwani."

Nikamwandikia. Ndiyo, nilikaa naye, akanitajia maneno, na mimi nikaandika kwamba yeye, fundi, mkazi wa kata, anaomba ukumbi usiguswe. Nilifikiri labda barua itafuta karatasi. Nilifikiri mengi ili nisifikiri lile moja.

Ofisini kwa diwani tulimkuta karani, binti mpole mwenye nywele fupi. Alisoma barua, akatafuta kwenye faili, akaguna.

"Eish, mama. Wewe uko hapa tayari. Namba tano. Umekubali kupunguza."

Akaigeuza karatasi upande wetu. Jirani aliinama. Jina lake anaweza kulisoma, hilo moja analijua vizuri, na linaishia na a. Akauangalia ule mkia. Kisha akaiangalia barua iliyokuwa kando, mikia yote ile. Hakunigeukia. Aliweka kidole juu ya sahihi, ule utepe wangu, kama anavyogusa mshono wa mtu mwingine kuona kama utashika.

"Mimi ndiye niliyeandika," nikamwambia karani. "Yeye hakujua. Na sahihi ni yangu."

Karani alitutazama wote wawili. "Basi likate hapo, kaka, uandike jina lako pembeni."

Nikalikata. Yakabaki saba. Sauti yangu ilikuwa imetoka mbele ya mtu nisiyemjua, baada ya kushikwa. Sijui kama huko ni kukiri.

Tukarudi kwa miguu. Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ikiwa nyekundu kwetu, aliuliza swali moja tu.

"Ulisoma kwanza?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Yote, dada."

Taa ikageuka, akavuka.

Wiki iliyofuata walipiga kura. Kodi ya majengo ilipanda kidogo tu, na ukumbi sasa hufunguliwa mchana mmoja kwa wiki, kwa wanaokodi. Jina moja lisingebadilisha kitu, najua, na najua pia kwamba ndivyo nilivyosema nilipoliandika. Nyongeza hiyo mzee ameibeba mwenyewe, vyumba havikupanda. Kila mwisho wa mwezi nalipa kilekile cha zamani, na sijampata mtu wa kumlaumu kwa nafuu hiyo.

Nilimwambia jirani atumie chumba changu nikiwa kazini, nitasimamisha kitanda ukutani. Akasema hapana, asante. Korido ni ya wote, akasema.

Ila kitambaa kirefu mtu mmoja hakiwezi. Kikikunjamana chini, mkasi unakwenda upande. Asubuhi moja nilikuwa navuka na viatu vyangu, akasema bila kuinua kichwa, "Shika huko mwisho."

Nikashika.

"Vuta. Si hivyo, unararua. Legeza. Hapo."

Tangu hapo nashika kila asubuhi anapokata. Nachelewa karakana, bosi anafoka, namwambia ni taksi. Jana alimaliza kupima mteja pale pale koridoni, mama mmoja mnene wa kanisani kwao, na daftari lilikuwa wazi juu ya ndoo. Niliona tarakimu zake mpya, kubwa, zimelala kila upande, saba imegeuka nyuma. Mkono wangu ukaenda kwenye kalamu wenyewe, kwa mazoea.

"Kitambaa nishikie," akasema. "Kalamu iache."

Nikairudisha kwenye ndoo, nikashika mwisho wa kitambaa kwa mikono miwili.