Bi Mizani na Mawimbi Yaliyotupwa

Wanafunzi wake walimwita Bi Mizani, kwanza kwa kumteta, kisha hadharani walipoona hakasiriki. Kila walipomletea matokeo, swali lake lilikuwa lile lile: mmepima nini hasa? Ukimjibu "akili", alikurudisha ukafikirie upya. Yeye alitaka kujua kama mtoto amezisikia namba alizosomewa, amezikumbuka, na ubongo wake ulikuwa unafanya nini wakati huo. Kwa ubishi huo alipanda kutoka msaidizi wa maabara hadi profesa, mwanamke wa kwanza katika idara ile, na wapo wenzake ambao jambo hilo limewakaa kooni mpaka leo.

Kazi yake ilikuwa ndoa ya vitu viwili. Upande mmoja ni vipimo, ile mitihani midogo ya kumbukumbu wanayopewa watoto wakianza shule. Upande wa pili ni kofia ya kitambaa iliyojaa nyaya, inayonasa umeme mdogo wa ubongo na kuuchora kwenye kompyuta kama mawimbi. Vyote viwili alifundishwa na mzee aliyemwita Mwalimu, ndiye aliyetunga kipimo kinachotumika shule zote. Mzee huyo hakuwa na dogo. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa usafi: mtoto akikohoa, akipepesa macho, kitu kikilia chumbani, wimbi linaloruka hapo ni takataka, likatwe kabla hujaanza kusoma. Bi Mizani alikata kwa miaka, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mkono.

Siku moja mdogo wake, fundi cherehani, aliingia ofisini bila hodi, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Binti yake aliyeanza shule mwaka huo alikuwa amepimwa kwa kipimo cha Mwalimu, akapelekwa darasa la pembeni. Hilo ndilo la watoto wanaoitwa wazito, na aliyeingia humo ilikuwa nadra kutoka.

"Dada, wewe ndiye unayejua vichwa vya watu. Niambie basi, mwanangu ni mzito?"

Bi Mizani alimjua vizuri mtoto huyo. Alikuwa na uwezo wa kukurudishia maneno yako ya wiki iliyopita, hasa yale uliyoomba yasahaulike. Lakini mama mkubwa si shahidi, na hilo alilijua pia. Akamjibu mdogo wake ukweli, kwamba hajui ila atatafuta. Mdogo mtu akaondoka amenuna, na simu zake zikakatika.

Ndipo Bi Mizani alipolivalia njuga. Aliomba ruhusa kwa shule na wazazi, akamwacha mpwa wake kando, akawavalisha kofia watoto wengine wa darasa la pembeni na wa darasa la kawaida. Wote aliwapima kwa utaratibu wa Mwalimu: msimamizi anakaa mkabala na mtoto, anabonyeza saa, saa inalia ta, anasoma namba, mtoto anazirudia. Halafu akakaa kwenye kompyuta kusafisha.

Mchana mmoja mkono ulikuwa unakata wenyewe kwa mazoea, ukasita. Kwa watoto wa darasa la pembeni, takataka ilikuwa inarudi mahali pale pale: saa inapolia. Wimbi liliruka juu likachelewa kushuka, na namba za kwanza zikapita mtoto bado kabanwa na ule mlio. Kwa wenzao liliruka kidogo likatulia. Takataka gani hiyo inayofuata ratiba? Alirudisha vipande vyote alivyokwisha kutupa, akavitazama kwa mpangilio, akajiona mjinga. Furaha nayo ilimjaa mpaka akashindwa kukaa kitini.

Akapima upya, safari hii muda ukihesabiwa kimyakimya na mashine. Nusu ya watoto walianza na ukimya na nusu walianza na mlio, asije mtu akadai wamezoea maswali. Alama za darasa la kawaida hazikusogea. Za darasa la pembeni zilipanda, na wengi wao usingeweza tena kuwatofautisha na wenzao.

Kamati ya vipimo ilikutana, Mwalimu mwenyewe akiwa kwenye kiti cha mbele. Alisikiliza, kisha akasema kwamba mwanafunzi wake bora amemletea uchafu mezani. Wajumbe wakainamia vikombe vyao vya chai.

"Mwalimu," Bi Mizani alisema, "uchafu haubagui. Huu umechagua watoto."

Mzee akaomba mawimbi yenyewe, mabichi. Akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasoma karatasi moja baada ya nyingine huku pua ikikaribia kuzigusa. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza alibaki ameziwekea kiganja.

"Hawa watoto nimewakata kwa mkono wangu," alisema.

Iliamuliwa darasa lote la pembeni lipimwe upya bila mlio, na Mwalimu akashikilia kwamba kwenye kiti cha msimamizi atakaa yeye, si mtu mwingine. Zamu ya mpwa wake ilipofika, Bi Mizani akatoka chumbani, kwa kuwa ndugu hapimi ndugu. Akakaa kwenye benchi la ukumbini na mdogo wake, ambaye bado alikuwa anamsemesha kwa kukata maneno. Profesa mzima, macho hayabanduki mlangoni.

Mlango ukafunguka. Mdogo wake akasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Amezirudia zote." Mzee alikohoa. "Halafu mimi nikachanganya, nikasoma mstari uliokwisha pita. Ananiambia, babu, hizo si umeshanisomea? Kesho aende darasani kwake."

Bi Mizani, aliyekuwa akiwafukuza maabara wanafunzi wanaocheka kwa sauti, akapiga vigelegele. Mdogo wake akamkumbatia akadakia, analia na kucheka, na makarani wakachungulia kila mlango kuona nani kaolewa. Mtoto akawatazama kwa aibu, akaficha uso kwenye gauni la mama yake. Mwalimu alisimama kizingitini akawasubiri wamalize, kisha akamwita mtoto anayefuata.